Tusiite ununuzi kile ambacho ni ukodishaji

Machi 31, 2024, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva zilizokuwa zikiendesha mchezo wake wa mbio za magari uitwao The Crew. Mchezo huo ulitolewa mwaka wa 2014, na wachezaji katika pembe nyingi za dunia walikuwa wameulipia. Kwa kuwa haukuweza kuchezwa pasipo kuunganishwa na seva hizo, hata na mtu aliyetaka kucheza peke yake nyumbani, siku hiyo ulikufa.

Hayo hayakutosha. Mwezi uliofuata, wachezaji walianza kukuta leseni ya mchezo huo imeondolewa katika akaunti zao. Waliokuwa na diski mkononi nao walibaki na kipande cha plastiki kisichofaa kitu. Hawakuwa wameiba wala kukiuka sharti lolote. Muuzaji aliona tu kwamba wakati umewadia, naye akafunga mlango akaondoka na ufunguo.

Yamkini msomaji atauliza: Habari za michezo ya Wazungu zinatuhusu nini sisi tunaohangaika na madaftari na karo? Zinatuhusu, tena sana. Vijana wetu hucheza michezo hiyo hiyo na kuinunua katika maduka hayo hayo. Isitoshe, biashara ya michezo ya tarakilishi imepiga hatua ndefu katika njia ambayo vitabu, nyimbo na filamu vinaifuata. Anayetaka kujua jinsi maktaba ya shule huenda ikawa siku zijazo, na ayatazame maduka haya leo.

Hoja yangu ni moja. Duka la dijitali hubaki na mikono miwili juu ya bidhaa hata baada ya kupokea fedha: mkono wa kufuli na mkono wa marekebisho. Maadamu mikono hiyo haijaondolewa, kuyaita mapatano hayo ununuzi ni kumdanganya mnunuzi.

Kufuli ninayoizungumzia ni programu inayotiwa ndani ya mchezo ili usichezwe na asiyelipa. Katika miaka ya 1990, michezo ilipouzwa kwenye diski, aghalabu kufuli ilitazama tu kama diski halisi imo ndani ya mtambo. Mnunuzi aliweza kumwazima rafiki diski hiyo, kumwachia mdogo wake, au kuiuza ikiwa imekwisha kutumika, kama tufanyavyo na vitabu vya kiada.

Ama marekebisho ni toleo jipya la mchezo ule ule, ambalo mtengenezaji hulituma ili kuziba kasoro au kuongeza mambo mapya. Zamani mchezaji aliyataka mwenyewe, akayatafuta, akayaweka. Asipoyataka, mchezo wake ulibaki kama ulivyokuwa siku aliyoununua.

Mambo yalibadilika mnamo Septemba 2003, kampuni ya Valve ya Marekani ilipoanzisha Steam. Wengi wetu tunaijua Steam kama duka, lakini haikuanza hivyo. Ilianza kama njia ya kuwafikishia wachezaji marekebisho ya michezo ya Valve yenyewe. Novemba 2004 mchezo wa Half-Life 2 ulipotolewa, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kufungua akaunti ya Steam na kuunganishwa na intaneti kabla ya kucheza. Mwaka wa 2005 Steam ikaanza kuuza michezo ya kampuni nyingine. Hivyo njia ya marekebisho, kufuli na duka vikawa kitu kimoja.

Mgala muue na haki yake umpe. Mpango huu una manufaa ambayo hayawezi kukanwa. Mtengenezaji hupakia toleo jipya mara moja tu, na kila mnunuzi hulipata. Kasoro inayogunduliwa asubuhi huweza kuzibwa kabla ya jua kutua. Mwaka wa 2016 kampuni ndogo ya Hello Games ya Uingereza ilitoa mchezo wa No Man's Sky, ikalaumiwa vikali kwa kutotimiza iliyoyaahidi. Kwa miaka mingi baadaye kampuni hiyo iliendelea kutuma marekebisho makubwa bila malipo, hata waliokuwa wakiibeza wakaanza kuisifu.

Lakini mlango unaoingiza mema ndio huo huo unaotoa mali nje. Aprili 2018, miaka 10 baada ya mchezo wa Grand Theft Auto IV kutolewa, ruhusa ya kutumia nyimbo kadhaa zilizokuwa katika redio za mchezo huo ilimalizika. Kampuni ya Rockstar ilituma marekebisho yaliyoziondoa. Nyimbo hizo hazikuondolewa katika nakala mpya pekee. Ziliondolewa hata katika nakala za watu waliokwisha kulipa miaka mingi nyuma. Ni kama mwenye duka la vitabu aingie nyumbani mwako usiku, achane kurasa chache za riwaya uliyoinunua, kisha akuambie kwamba mkataba wake na mwandishi umekwisha.

Na je, mchezaji aweza kukataa? Katika Steam mchezaji aweza kuahirisha marekebisho hadi atakapoufungua mchezo, lakini hapewi kitufe cha kuyakataa moja kwa moja. Matoleo ya zamani hupatikana tu pale mtengenezaji mwenyewe anapoamua kuyaweka wazi. Uamuzi, kwa hiyo, umo mikononi mwa muuzaji.

Hatari kubwa zaidi hutokea mikono hii miwili inapokutana. Mwaka wa 2008 Ubisoft hiyo hiyo ilitoa marekebisho ya mchezo wake wa Rainbow Six Vegas 2. Baadhi ya wachezaji walikuwa wameununua mchezo huo katika duka la dijitali lililoitwa Direct2Drive, nao hawakuwa na diski, kwani duka lilikuwa limewauzia faili tupu. Marekebisho hayo yalipoingia, mchezo ukaanza kudai diski! Waliolipa wakafungiwa nje na toleo lililokusudiwa kuwafaa.

Lililofuata ni kioja. Watumishi wa kampuni waliwapa wanunuzi hao faili ya kutatua tatizo. Wachezaji wadadisi walipoichungua, walikuta ndani yake alama za Reloaded, kundi la maharamia waliokuwa wakivunja kufuli za michezo. Kampuni iliyokuwa ikiwaita watu hao wezi ililazimika kutumia ufunguo wao ili kuwafungulia mlango wateja wake yenyewe.

Nakitaja kisa hiki si kwa kejeli. Kinatufunza kwamba mtengenezaji anapotuma toleo moja kwa maduka yenye taratibu tofauti, wa kwanza kuumia ni yule aliyefuata sheria. Haramia hakuathirika hata kidogo, kwani nakala yake haikuwa na kufuli tangu mwanzo.

Mfano mwingine ni wa mwaka wa 2021. Kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa Resident Evil Village. Wanunuzi wa nakala ya tarakilishi wakalalamika kwamba mchezo hukwamakwama wakati wa mapambano. Maharamia walipoivunja kufuli yake, nakala yao ilikwenda laini bila kukwama. Julai mwaka huo Capcom ilituma marekebisho ya kuipunguzia uzito kufuli hiyo. Mwizi alikuwa amepata bidhaa bora kuliko mnunuzi. Biashara gani hiyo?

Fauka ya hayo, kufuli huzeeka, na muuzaji aliyeifunga huwa amekwisha kwenda zake. Katika miaka ya 1990 na 2000 michezo mingi iliuzwa ikiwa na kufuli iitwayo SafeDisc. Mwaka wa 2015 Microsoft ilipotoa Windows 10, iliacha kuikubali kufuli hiyo kwa sababu za usalama. Diski zilizokuwa zimetunzwa kwa uangalifu kabatini zikagoma kufunguka. Mwenye nazo alikuwa na risiti, alikuwa na sanduku, alikuwa na kila kitu isipokuwa mchezo.

Watetezi wa kufuli husema kwamba bila hiyo watengenezaji watakufa njaa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mchezo mkubwa huchukua miaka kuundwa, nao wizi wa nakala ni wizi. Katika nchi yetu, ambako mwandishi wa kitabu huona kazi yake ikitolewa nakala vichochoroni bila yeye kupata hata ndururu, hatuwezi kuuchekelea uharamia. Tena Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 yakataza kuvunja kufuli za aina hii. Simshauri mwanafunzi yeyote afanye hivyo.

Hata hivyo, lipo duka ambalo limeonyesha kwamba njia nyingine yawezekana. Mwaka wa 2008 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilianzisha GOG, duka linalouza michezo isiyo na kufuli. Mnunuzi hupakua faili ya kusakinisha, akaihifadhi anapotaka. Duka likifungwa kesho, faili yake i pale pale. Mwaka wa 2015 kampuni hiyo ilitoa mchezo wake mkubwa, The Witcher 3, ukiuzwa katika GOG bila kufuli tangu siku ya kwanza. Kufikia mwaka wa 2023 nakala zaidi ya milioni 50 za mchezo huo zilikuwa zimeuzwa katika maduka na mitambo yote. Sisemi kwamba kila mchezo utafanikiwa hivyo. Nasema tu kwamba kukosekana kwa kufuli hakukuua mauzo yake.

GOG nayo si malaika. Wateja wake wamelalamika mara kwa mara kwamba marekebisho huwafikia wakiwa wamechelewa kuliko wenzao wa Steam, na pengine hayawafikii kabisa. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtengenezaji huona wanunuzi wengi wako katika duka moja, naye hulihudumia hilo kwanza. Kutayarisha toleo lile lile kwa duka la pili ni kazi ya ziada, na kampuni ndogo huikwepa. Hivyo mnunuzi huwekwa njia panda: ama awe na mchezo ulio wake kweli lakini umeachwa nyuma, ama awe na mchezo mpya daima lakini si wake.

Septemba 2021 GOG ilijaribiwa. Ilianza kuuza mchezo wa Hitman wa mwaka wa 2016, ambao sehemu zake muhimu zilihitaji seva za mtengenezaji. Wateja walipiga kelele kwamba hiyo ni kufuli iliyovishwa joho jingine. Mwezi uliofuata duka liliuondoa mchezo huo. Funzo lake ni kwamba kufuli ya siku hizi haiitwi kufuli. Huitwa akaunti, huitwa huduma, huitwa kuunganishwa. Mwalimu na mwanafunzi wajifunze kuitambua kwa vitendo vyake.

Wanasheria nao wameanza kuamka, ijapokuwa kwa mwendo wa kobe. Mwaka wa 2019 mahakama moja ya Paris iliamua kwamba wateja wa Steam wana haki ya kuuza michezo yao, lakini mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka wa 2022. Jimbo la California la Marekani lilipitisha sheria mwaka wa 2024, nayo ikaanza kutumika Januari 1, 2025. Yamkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya dijitali bila kumweleza mteja bayana kwamba anapata leseni tu. Bidhaa ambayo mteja aweza kuipakua na kubaki nayo daima haiguswi na sheria hiyo. Hata kabla haijaanza kutumika, Steam iliweka tangazo la namna hiyo mahali pa kulipia.

Barani Ulaya, kufa kwa The Crew kulizaa harakati ya wachezaji. Kufikia Julai 2025 watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wametia sahihi ombi kwa Umoja wa Ulaya, wakitaka kampuni zilazimishwe kuiacha michezo katika hali ya kuchezeka zinapoacha kuihudumia. Kampuni nyingi hudai kwamba jambo hilo ni gumu mno. Lakini Ubisoft yenyewe, baada ya lawama kuzidi, iliahidi kuuwezesha mchezo wa The Crew 2 uchezwe bila seva, na mwaka wa 2025 ikatimiza ahadi. Kumbe lililoitwa haliwezekani lilikuwa likingoja kelele tu.

Sasa turudi darasani. Julai 2009 duka la Amazon lilifuta kwa mbali nakala za riwaya mbili za George Orwell kutoka katika vifaa vya Kindle vya watu waliozinunua, baada ya kugundua kwamba aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Wasomaji walirudishiwa fedha. Lakini mwanafunzi mmoja wa Marekani alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo ndani ya kitabu hicho, na kitabu kilipotoweka, maelezo hayo hayakumfaa tena. Fedha zaweza kurudishwa, lakini jasho la akili halirudishwi.

Miaka 10 baadaye, mwaka wa 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Kwa kuwa kila kitabu kilihitaji idhini ya seva zake, vyote vilifungika, vikiwemo vile vilivyokwisha kulipiwa. Hapa pia wateja walirudishiwa fedha, na walioandika maelezo pambizoni waliongezewa dola 25. Mwalimu aliyekuwa amejenga masomo ya muhula mzima juu ya kitabu cha namna hiyo angefanya nini siku hiyo? Angewaambia wanafunzi wafungue ukurasa upi?

Nchini mwetu kitabu cha kiada hufanya kazi miaka na mikaka. Kaka hukitumia, dada akakirithi, kisha kikauzwa barabarani kwa mtoto wa jirani ambaye mzazi wake hawezi bei ya kitabu kipya. Maktaba ya shule hukipiga muhuri, na tangu hapo hakuna mchapishaji anayeweza kukijia. Nakala ya dijitali yenye kufuli haijui kaka wala dada. Masharti ya Steam, kwa mfano, hayamruhusu mtu kumhamishia mwingine akaunti yake. Tukihamisha vitabu vyetu kwenye vishikwambi kwa masharti ya namna hiyo, atakayeumia kwanza ni mtoto wa maskini.

Na si maskini peke yake. Kumbukumbu ya jamii nzima imo hatarini. Wakfu wa Historia ya Michezo ya Video wa Marekani ulichapisha utafiti mwaka wa 2023 ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka wa 2010 haipatikani tena madukani. Mtafiti anayetaka kuisoma historia ya sanaa hii hana budi kutafuta mitambo mikuukuu, au kugeukia nakala za maharamia. Sisi ambao tumekwisha kupoteza miswada mingi ya mashairi kwa mchwa na unyevu, hatuhitaji kufundishwa uchungu wa kupotelewa.

Nionavyo mimi, mambo manne yanafaa kudaiwa. Kwanza, muuzaji aseme kweli: ikiwa anakodisha, aandike kwamba anakodisha, na bei ilingane na ukodishaji. Pili, marekebisho yasilazimishwe, na toleo la awali lihifadhiwe mahali mnunuzi awezapo kulichukua. Tatu, kufuli iwe na mwisho uliotajwa tangu siku ya mauzo: kampuni ikiacha kuuhudumia mchezo au kitabu, iwafungulie waliolipa. Nne, maktaba na vyuo viruhusiwe na sheria kuhifadhi nakala zisizo na kufuli kwa ajili ya utafiti.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomnyima mtengenezaji haki yake. Mtengenezaji ataendelea kuuza, na mwizi ataendelea kuwa mwizi mbele ya sheria. Kitakachokoma ni mazoea ya kumtendea mwaminifu kana kwamba naye ni mshukiwa wa daima.

Ama walimu wakuu na kamati za ununuzi shuleni, msisubiri sheria. Kabla ya kulipia programu, mchezo wa kufundishia au kitabu cha dijitali, ulizeni maswali matatu. Kitafunguka pasipo intaneti? Tutabaki nacho muuzaji akifunga duka? Yaliyomo yaweza kubadilishwa bila idhini yetu? Majibu yaandikwe katika mkataba, wala si katika maneno matamu ya wakala wa mauzo. Majibu yakiwa mabaya, basi fedha hizo na zihesabiwe kuwa kodi, na kitabu cha karatasi kisiondolewe rafuni.

Wanafunzi nao wajifunze kuyasoma masharti kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali. Huo ni usomaji wa ufahamu sawa na ule wa mtihani, na pengine wenye faida zaidi. Maana nguo ya kuazima haisitiri maungo, na aliyeambiwa kwamba ameinunua huwa hajui hata siku ya kuirudisha.